Jicho Chini ya Barabara: Historia ya Ukaguzi wa Mabomba ya Majitaka

Ukaguzi wa mabomba ya majitaka ni kazi ya kuliangalia bomba likiwa ardhini, kwa upande wake wa ndani, ili kujua kama limepasuka, limeziba, limebonyea, linavuja au linaliwa na asidi. Tathmini ndiyo hatua inayofuata: kuupima uzito wa kilichoonekana na kuamua bomba lipi litengenezwe mwaka huu, lipi lisubiri, na lipi liachwe kama lilivyo. Kazi hizi mbili hazikuzaliwa pamoja. Ukaguzi una umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Tathmini yenye vipimo vinavyosomeka kwa namna moja kutoka mji hadi mji ilianza mwaka 1980.

Katika muda huo wote, jicho la mkaguzi limepita njia tatu. Kwanza, mtu aliingia mwenyewe mferejini. Kisha mabomba yakawa membamba kuliko mwili wa mtu, naye akabaki juu akipeleka mwanga. Mwishowe akapeleka kamera. Kila njia ilileta maarifa mapya, na kila moja iliacha swali ambalo njia iliyofuata ililazimika kulijibu.

Enzi ya mtu kuingia mwenyewe

Mfereji mkuu wa Roma ya kale, Cloaca Maxima, ulikuwa kwanza mtaro wa kukausha bonde la chini la mji. Mapokeo ya Kirumi yanauhusisha na mfalme Tarquinius Priscus, katika karne ya 6 KK. Mwaka 33 KK Marcus Agrippa, akiwa msimamizi wa huduma za mji, aliisafisha mifereji ya Roma, kisha akapanda mashua na kupita chini ya ardhi hadi mto Tiber. Habari hiyo imehifadhiwa na mwanahistoria Cassius Dio. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba baadhi ya mifereji hiyo iliweza kupitisha mkokoteni uliosheheni nyasi kavu. Katika mfereji wa upana huo ukaguzi ulihitaji taa, miguu na moyo mgumu, basi. Heshima, hata hivyo, haikuwapo: mwanzoni mwa karne ya 2 BK, kaisari Trajan alipomwandikia gavana wake Pliny Mdogo, aliitaja kazi ya kusafisha mifereji miongoni mwa zile zinazowafaa watu waliohukumiwa.

Uingereza iliupa ukaguzi nguvu ya sheria. Sheria ya mwaka 1531, wakati wa mfalme Henry VIII, iliziimarisha tume zilizosimamia mitaro, kingo na njia za maji. Tume hizo zilitumia majopo ya wakazi walioapishwa, ambao kazi yao ilikuwa kuitembelea mitaro na kutaja kasoro walizoziona. Mwenye ardhi aliyeuacha mtaro wake uzibe alitajwa mbele ya tume na kuamriwa autengeneze. Mitaro mingi ya wakati huo ilikuwa wazi, na kazi yake ilikuwa kuondoa maji ya mvua, lakini kanuni iliyowekwa ilidumu: kasoro ya mfereji ni jambo la umma, na lazima pawe na mtu mwenye wajibu wa kwenda kuitazama.

Kanuni hiyo ilifikishwa chini ya ardhi, kwa maana kamili, jijini Paris. Mwanzoni mwa karne ya 19 mifereji ya Paris ilikuwa imejengwa vipande vipande kwa mamia ya miaka, na hapakuwa na ramani ya kuaminika iliyoonyesha ilikopita. Kati ya mwaka 1805 na 1812, mkaguzi aitwaye Bruneseau aliongoza kazi ya kuipita yote, kuipima, kuisafisha na kuichora. Umaarufu wake umebebwa na Victor Hugo, aliyempa nafasi katika riwaya yake Les Misérables ya mwaka 1862. Hugo anasimulia kwamba waziri wa mambo ya ndani alimweleza Napoléon kuwa amemwona mtu jasiri kuliko wote katika dola lake, naye hakuwa askari bali mtu aliyetaka kuingia mifereji ya Paris. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, katika vibarua ishirini wanane walikataa kuendelea mara tu walipofika kwenye matawi ya kwanza, na miongoni mwa vitu vilivyokutwa ni mifupa ya orangutangu aliyetoweka katika bustani ya wanyama mwaka 1800.

Riwaya haiwezi kushika nafasi ya kumbukumbu za ofisi, lakini jambo moja katika simulizi la Bruneseau ni la msingi kwa historia ya kazi hii. Faida kubwa ya miaka ile saba ilikuwa ramani, kuliko hata tope lililoondolewa. Mfereji uliosafishwa hujaa tena. Mfereji uliochorwa haupotei tena. Tangu hapo, mtu aliyeshuka alijua yuko chini ya mtaa gani, na alichokiona kiliweza kuandikwa kwa anwani yake.

Aliyefuata ni daktari Alexandre Parent-Duchâtelet, aliyechapisha kitabu kuhusu mifereji ya Paris mwaka 1824. Yeye aliwatazama wafanyakazi kwa makini yaleyale aliyoutazamia mfereji. Alieleza hewa ya mle ndani, maradhi ya macho na kuzimia kwa ghafla. Mwaka 1826 alishiriki kusimamia usafishaji wa mfereji wa Amelot, uliokuwa umeziba kwa muda mrefu na kuogopwa kwa sababu ya gesi zake. Mpango wa kazi ulitanguliza upepo: hewa ivutwe na kubadilishwa, dawa ya klorini itumike, na watu wapumzishwe. Wazo kwamba hewa ikaguliwe kabla ya ukuta kukaguliwa ndilo linaloongoza kazi hii hadi sasa. Kwa kanuni za usalama za kazi hii, mkaguzi hashuki kwenye chemba, yaani shimo la kushukia mferejini, kabla ya kipima gesi kushushwa.

Kuanzia miaka ya 1850, chini ya mhandisi Eugène Belgrand, Paris ilijenga upya mtandao wake kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Kufikia mwaka 1878 ulikuwa na urefu wa kilomita 600 hivi. Mifereji mingi ilijengwa kwa kimo cha mtu kusimama, na ndani yake kukawekwa vibao vyenye majina ya mitaa iliyo juu. Mkaguzi alisoma jina la mtaa ukutani kama apitaye barabarani. Mpiga picha Nadar alishuka humo katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1860 na kupiga picha kwa mwanga wa umeme wa betri. Zilikuwa miongoni mwa picha za kwanza duniani kupigwa chini ya ardhi. Mwaka 1867, wakati wa Maonyesho ya Kimataifa, watu wa kawaida walianza kutembezwa kwa magari na mashua za mferejini. Belgrand alikuwa amejenga jiji ambalo ukaguzi wake ulikuwa ni kutembea tu.

London na upimaji wa mwaka 1848

London ilikuwa na tabu tofauti. Hadi mwaka 1847 mifereji yake iligawanywa kati ya tume kadhaa, kila moja ikiwa na vipimo vyake na desturi zake za ujenzi. Mfereji mpana wa tume moja uliweza kumwaga katika mfereji mwembamba wa tume jirani. Tume hizo zilipounganishwa, jambo la kwanza lililotakiwa lilikuwa kujua kilichopo. Mwaka 1848 wanajeshi wa idara ya upimaji ramani walianza kuipima London upya. Ili kupata mstari wa kuona katika jiji lililojaa moshi, walijenga jukwaa la mbao juu ya msalaba wa kanisa kuu la St Paul's. Wakati huohuo, wapimaji wengine walikuwa chini ya mitaa ileile wakipima kina, mteremko na hali ya mifereji. Jiji moja lilipimwa kutoka mbinguni na kutoka kuzimu.

Taarifa za upimaji wa chini zilionyesha matofali yaliyooza, paa zilizokaribia kuanguka, miteremko iliyogeuka nyuma, na tope lililotuama hata chini ya mitaa ya matajiri kama Belgravia. Henry Mayhew alizitumia taarifa hizo katika kitabu chake kikubwa kuhusu wafanyakazi na maskini wa London, kilichoanza kutoka mwaka 1851. Gharama ya maarifa hayo ilikuwa maisha ya watu. Oktoba 1849, katika mfereji mmoja wa Pimlico, gesi iliwaua mafundi walioshuka, na waliowafuata ili kuwaokoa nao wakafa. Ajali za namna hiyo, ambapo mwokozi hufa juu ya aliyemfuata, zimeendelea kutokea katika nchi nyingi kwa sababu moja: gesi ya haidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Anayedhani harufu imekwisha ndiye aliye hatarini zaidi.

Joto la mwaka 1858 lilipoufanya mto Thames unuke hadi kazi za Bunge zikatatizika, mhandisi Joseph Bazalgette alipata idhini ya kujenga mifereji mikuu yenye urefu wa kilomita 132 hivi, ya kuyakinga majitaka kabla hayajaingia mtoni. Mchango wake katika ukaguzi ulikuwa wa kuusogeza nyuma, hadi kabla ya ujenzi. Aliagiza saruji ya Portland, iliyokuwa bado ngeni katika kazi kubwa za umma, ipimwe nguvu kabla ya kutumika, na isiyofikia kiwango ikataliwe. Sehemu kubwa ya mifereji yake inaendelea kufanya kazi.

Bomba lililokuwa dogo kuliko mtu

Wakati Bazalgette na Belgrand wakijenga mapango ya matofali, fundi Henry Doulton alikuwa tangu mwaka 1846 akitengeneza mabomba ya udongo wa kuchomwa yaliyopakwa kauri kwa chumvi, katika kiwanda chake cha Lambeth. Mabomba hayo yalikuwa laini ndani, ya bei nafuu na rahisi kulazwa. Edwin Chadwick, mtetezi mkuu wa afya ya umma nchini Uingereza, aliyapigania. Hoja yake ilikuwa kwamba maji machache katika bomba jembamba hukimbia kwa kasi na kujisafishia njia, ilhali katika mfereji mpana hutambaa na kuacha mashapo. Hesabu yake ilikuwa na ukweli mwingi. Lakini bomba la inchi tisa lilikuwa na jambo ambalo mfereji wa Roma haukuwa nalo: hakuna mtu aliyeweza kuliingia.

Wahandisi wa mifereji ya matofali walilishika jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Bazalgette alikusanya taarifa za mabomba yaliyofukuliwa, mengine yakiwa yamepasuka, mengine yamejaa. Mji wa Croydon, uliokuwa umelazwa mabomba mapya, ulipatwa na mlipuko wa homa mwaka 1852 na 1853, na serikali ikawatuma Neil Arnott na Thomas Page kuchunguza. Mabishano yalikuwa makali, na chini yake palikuwa na swali la kikazi: utajuaje hali ya kitu usichoweza kukiona bila kukivunja?

Jibu lilipatikana kwa kubadilisha namna ya kulaza bomba. Mhandisi Robert Rawlinson, aliyekuwa na sauti kubwa katika idara za serikali zilizosimamia usafi wa miji, alisisitiza kwamba bomba lilazwe kwa mstari mnyoofu na mteremko usiobadilika, na kwamba kila linapopinda au kubadili mteremko pawekwe shimo la kushukia mtu, au walau tundu jembamba la kushushia taa. Kwa kanuni hiyo bomba likawa kama darubini. Mtu mmoja alishusha taa katika shimo la kwanza. Mwenzake katika shimo la pili akashika kioo kwa pembe na kutazama. Mduara kamili wa mwanga ulimaanisha bomba limenyooka na liko wazi. Mduara uliokatwa chini ulionyesha maji yaliyotuama mahali bomba lilipozama; uliokatwa ubavuni ulionyesha kwamba bomba limehama. Giza lilimaanisha kizibo au kuporomoka.

Chemba zinazoonekana barabarani katika karibu kila mji wa dunia zimetokana na hitaji hilo. Umbali kati ya mfuniko na mfuniko si wa kubahatisha; uliwekwa ili macho, fito za kuzibulia, na baadaye kamba za kamera, ziweze kufika.

Palipokosekana mstari wa kuona, mafundi walitumia hisi nyingine. Baada ya Mwanamfalme wa Wales kuugua homa ya matumbo mwaka 1871, hofu ya mabomba mabovu iliingia hadi katika nyumba za wakubwa, na kupima mabomba ya majumbani kukawa kazi ya watu wenye ujuzi maalumu. Katika kipimo cha peremende, fundi alimimina mafuta ya peremende na maji ya moto katika bomba la juu ya paa, huku mwenzake akizunguka vyumba akinusa. Harufu ilipotokea, hapo ndipo bomba lilipovuja. Aliyemimina hakuruhusiwa kuingia ndani hadi kipimo kimalizike, kwa kuwa harufu ilimganda mikononi. Kipimo cha moshi kilifanywa kwa kusukuma moshi ndani ya bomba na kuangalia unakotokea, na bado kinatumika kutafuta mabomba ya maji ya mvua yaliyounganishwa na ya majitaka kinyume cha sheria. Rangi ya fluoresini, iliyotengenezwa na mwanakemia Adolf von Baeyer mwaka 1871, ilitumiwa mwaka 1877 kuthibitisha kwamba maji yanayozama katika kingo za mto Danube hutokea katika chemchemi ya mto Aach. Muda si mrefu ikawa chombo cha wakaguzi wa mabomba: rangi humiminwa katika choo kimoja, na mtu husubiri penye chemba kuona kama itapita.

Adui asiyeonekana kwa kioo

Taa na kioo vilionyesha kama njia iko wazi. Havikuonyesha unene wa ukuta. Ubovu wa ukuta unaoliwa taratibu ulianza kujulikana kwa upana pale zege lilipochukua nafasi ya matofali, na maji yakaanza kusafirishwa mbali katika miji yenye joto. Mwaka 1900 wahandisi Olmstead na Hamlin walieleza jinsi mfereji mkuu wa Los Angeles ulivyokuwa ukiliwa sehemu iliyo juu ya maji, wakati sehemu iliyozama ilikuwa salama.

Sababu yake ilichukua miongo kueleweka kikamilifu. Majitaka yanapokosa oksijeni, vijidudu hubadili chumvi za salfeti kuwa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hupanda na kuingia katika unyevu ulioganda kwenye paa la bomba. Mwaka 1945 mtafiti C. D. Parker, akifanya kazi Melbourne, Australia, alionyesha kwamba kwenye paa hilo huishi bakteria wanaoigeuza kuwa asidi ya salfuriki, nayo asidi hulilainisha zege hadi likawe kama chaki iliyoloa. Maarifa hayo yaliwapa wakaguzi mahali pa kutazama: paa kabla ya sakafu, na zaidi pale maji yanapoanguka, yanapogeuka ghafla, au yanapotoka katika bomba la kusukumwa kwa pampu. Katika nchi za joto, ambako vijidudu hufanya kazi kwa kasi, somo hilo lina uzito wa pekee.

Kamera

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia televisheni ilitoa njia ya tatu. Katika miaka ya 1950 mafundi walianza kufunga kamera ndani ya chombo kisichoingiza maji, kuiwekea taa, na kuivuta kwa winchi kutoka chemba hadi chemba. Kampuni ya IBAK ya mji wa Kiel, Ujerumani, ilitoa mfumo wake wa kwanza mwaka 1957. Picha zilikuwa za nyeusi na nyeupe, kamera ilikuwa nzito, na mtu aliyekaa garini alitazama kioo kidogo huku akipaza sauti kwa mwenzake wa winchi asimame au aendelee. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu Doulton atengeneze mabomba yake, kiungo cha katikati ya bomba la inchi tisa kilionekana na jicho la mtu pasipo kuchimba.

Mwaka huohuo wa 1957, mwezi Septemba, mfereji uliokuwa chini ya mtaa wa Fylde, katika mji wa Farnworth nchini Uingereza, uliporomoka. Shimo lilipanuka na kumeza nyumba. Tukio hilo lilidhihirisha namna mfereji unavyokufa: ukuta hupasuka, maji ya ardhini huingia kupitia ufa yakibeba mchanga, nje ya ukuta hubaki uwazi, bomba lililopoteza udongo wa kulishikilia ubavuni hubonyea, na siku moja mvua kubwa au lori zito hulimaliza. Barabara inaweza kuonekana nzima hadi dakika ya mwisho.

Kamera nazo ziliendelea kubadilika. Winchi ilifuatwa na kigari chenye magurudumu kinachojiendesha, picha zikapata rangi, na kichwa cha kamera kikaweza kugeuka kutazama ukuta uso kwa uso. Lakini kadiri kanda za video zilivyoongezeka maofisini, ndivyo tatizo jipya lilivyoonekana. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba bomba ni baya; mwingine, aliyeona kitu kilekile, aliandika kwamba linaridhisha. Picha zilikuwepo, lugha haikuwepo.

Lugha moja ya kasoro

Uingereza iliirithi mifereji mingi ya karne ya 19, na mwaka 1974 huduma za maji ziliwekwa chini ya mamlaka kumi za kanda katika England na Wales. Mamlaka moja sasa ilisimamia mabomba ya miji mingi, na ililazimika kuyalinganisha. Kituo cha Utafiti wa Maji, WRc, kilitoa mwaka 1980 mwongozo wa kuainisha hali ya mabomba ya majitaka. Kwa macho ya mtu wa nje ni kitabu cha orodha na michoro. Kwa kazi hii kilikuwa kile ambacho kamusi ni kwa lugha.

Mwongozo huo uliyapa maneno mipaka. Ufa ni mstari unaoonekana ukutani, lakini haujafunguka. Mpasuko ni mstari uliofunguka, vipande vikiwa bado mahali pake. Kuvunjika ni pale vipande vinapohama. Kisha kuna tundu, kubonyea na kuporomoka. Viungo vilivyoachana, mizizi myembamba na mizizi iliyosongamana, gamba la chokaa, maji yanayotiririka kutoka nje, mashapo na mafuta yaliyoganda, kila kimoja kilipewa herufi zake. Mahali pa kasoro paliandikwa kwa vipimo viwili: umbali wa mita kutoka chemba ya kuanzia, na nafasi yake kwenye mzunguko wa bomba kwa kufuata namba za uso wa saa, 12 ikiwa paa na 6 ikiwa sakafu. Mtu asiyewahi kuliona bomba lile aliweza kulichora upya kwa kusoma ukurasa mmoja.

Juu ya herufi ziliwekwa alama. Kila kasoro ya kimuundo ilipewa uzito, na alama kubwa kabisa katika kipande cha bomba ikaamua daraja lake, kutoka 1 hadi 5. Alama zisizofika 10 zilimaanisha daraja la 1. Kuanzia 165, ambayo ndiyo alama ya bomba lililoporomoka, lilikuwa daraja la 5. Miaka michache baadaye WRc iliongeza mwongozo wa ukarabati uliotilia mkazo jambo la pili: ubovu peke yake hautoshi kuamua. Bomba la daraja la 3 chini ya hospitali au reli linaweza kutangulizwa mbele ya bomba la daraja la 4 chini ya uwanja mtupu, kwa kuwa madhara ya kuporomoka kwake ni makubwa zaidi. Ukaguzi ulikuwa umepata mwenzake, tathmini.

Lugha hiyo ilisafiri. Nchini Marekani chama cha NASSCO, kwa kushirikiana na WRc, kilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfumo wa PACP, wenye madaraja yaleyale matano na mafunzo ya lazima kwa wanaosoma picha. Ulaya ilitoa kiwango chake cha pamoja, EN 13508-2, mwaka 2003.

Madaraja yalipata maana zaidi kwa sababu tiba nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1971 Eric Wood aliingiza mfuko wa kitambaa uliolowekwa gundi ya kemikali ndani ya mfereji mkongwe wa matofali huko Hackney, London, urefu wa mita 70 hivi. Gundi ilipokauka, bomba jipya likawa ndani ya bomba la zamani bila barabara kuchimbwa. Kabla ya ugunduzi huo, kujua kwamba bomba limepasuka mara nyingi kulimaanisha kusubiri livunjike au kulifukua. Sasa bomba la daraja la 3 au la 4 liliweza kuokolewa kwa gharama ndogo, mradi lionekane mapema.

Pengo kati ya kuona na kupima uzito wa kilichoonekana linaweza kuua. Aprili 1992, wakazi wa Guadalajara, Mexico, walitoa taarifa kwa siku kadhaa kwamba mifereji ilinuka petroli. Maofisa walifika, wakapima, wakathibitisha kuwapo kwa mvuke hatari, lakini watu hawakuhamishwa. Asubuhi ya tarehe 22 kilomita kadhaa za mitaa zililipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kasoro ilikuwa imeonekana. Kilichokosekana ni uamuzi uliolingana nayo.

Vyombo vya sasa na mahali pa binadamu

Kamera haioni chini ya maji wala nyuma ya ukuta. Kwa hiyo zimeongezwa sonari zinazopima mashapo yaliyozama, miale ya leza inayopima bomba limebonyea kiasi gani, na vyombo vya sauti vinavyopiga mlio kutoka chemba moja na kusikiliza katika nyingine. Mlio ukifika hafifu, njia imeziba. Kipimo hicho huchukua dakika chache na huonyesha mabomba yapi yanastahili kamera, kazi ileile iliyofanywa na taa na kioo cha karne ya 19.

Macho ya mtu yenyewe yamepimwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ukitumia takwimu za nchi kadhaa za Ulaya, ulionyesha kwamba wakaguzi hukosa kuandika takriban kasoro moja katika kila nne zilizopo, ilhali ni mara chache kuandika kasoro isiyokuwapo. Hapo ndipo programu za kompyuta zinazosoma picha zilipoingia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, walitoa hazina ya picha milioni 1.3 kutoka video 75,618 za mabomba, ili programu zifundishwe kutambua kasoro. Kila picha ilikuwa na maelezo yaliyoandikwa na mkaguzi binadamu. Mashine haikuanza upya. Ilijifunza kamusi ambayo watu walikuwa wameiandika kwa miaka mingi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ukaguzi huu huanzia kwenye chemba. Dar es Salaam, mabomba ya katikati ya jiji huelekea baharini, na sehemu nyingine huishia katika mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Vingunguti. Wakazi walio wengi hutumia makaro na vyoo vya shimo. Masika yanapofika na chemba zikafurika, dalili hiyo husomeka kwa njia mbili: ama bomba limeziba, ama maji ya mvua yameingia humo kupitia nyufa, mifuniko iliyoibwa na maunganisho yasiyo halali. Anayeamua ni ipi kati ya hizo lazima kwanza ajue bomba linapita wapi, lililazwa lini, na linapokea maji ya nyumba zipi. Maswali hayo hutangulia kamera na kompyuta popote duniani, na ndiyo aliyokwenda nayo Bruneseau chini ya Paris mwaka 1805: ramani kwanza, kisha jicho, kisha jina la kasoro, kisha uamuzi.